Nani Kasema Zamani Tulikuwa Sawa?

Ukitaka kupigiwa makofi katika mkutano wowote kuanzia Tunduma mjini hadi Kamsamba, huhitaji hotuba ndefu. Simama, kohoa kidogo, kisha sema kwamba wazee wetu waliishi kwa usawa, hapakuwa na tajiri wala maskini, na matabaka yameletwa na mkoloni. Makofi yatakuja yenyewe. Mgombea anaijua kauli hiyo, mchungaji anaijua, mshereheshaji wa harusi anaijua, na mwalimu wa historia ameipa jina la kisomi, ujima, akaiandika ubaoni. Hapa Msangano nimeisikia msibani, nimeisikia sokoni kwa watu wanaopimiana mpunga, na nimeisikia kwa majirani ambao hawakubaliani kwa jambo jingine lolote, si la chama wala la dhehebu.

Ni kauli tamu. Ni ya uongo pia, na uongo huo una watu unaowanufaisha.

Naomba nimalize jambo moja mapema, maana najua lawama zitakuja. Kupinga hadithi ya usawa wa kale si kumsafisha mkoloni. Mjerumani alikuja na kodi ya nyumba na kiboko, Mwingereza akaja na kodi ya kichwa na safari za manamba, na madoa hayo hayana sabuni. Lakini ubaya wa aliyekuja hauwi cheti cha wema kwa aliyekuwapo. Mtu anaweza kuvamiwa na jambazi usiku ilhali mchana kutwa alikuwa akimpiga mkewe.

Tuchukue karne tatu tu, ya 14, ya 15 na ya 16. Ulaya inaziita Renesansi, zama za mwamko. Muulize aliyepita kidato cha nne zilikuwaje, atakutajia Leonardo da Vinci, Michelangelo na matajiri wa ukoo wa Medici. Muulize karne hizo hizo zilikuwaje huku kwetu, atakuchorea kijiji: moto mmoja, chungu kimoja, watu wamekaa duara, babu anasimulia hadithi. Kule ni majumba yasiyo na wapishi, huku ni jiko lisilo na mwenye nyumba. Picha zote mbili zimefuta watu, na waliofutwa ni walewale waliofanya kazi.

Tuanze na kule, maana kule karatasi zipo. Mwaka 1427 serikali ya mji wa Florence, Italia, ikisaka fedha za vita, iliagiza kila kaya iandikishe mali zake: mashamba, nyumba, mifugo, madeni na idadi ya midomo inayolishwa. Madaftari hayo yapo mpaka leo. Wanahistoria walipoyajumlisha wakakuta kwamba asilimia 1 ya kaya za mjini ilimiliki zaidi ya robo ya utajiri wa mji mzima. Nusu karne nyuma yake, mwaka 1378, wachambua sufu walioitwa Ciompi waliingia barabarani wakidai chama chao cha kazi na sauti katika serikali, kwa kuwa sheria iliwakataza hata kukutana. Walisikilizwa kwa wiki chache, kisha wenye karakana wakawageuka na chama chao kikavunjwa.

Chakula nacho kilikuwa na tabaka. Tajiri alikula mkate mweupe wa ngano na jogoo aliyehasiwa akanona. Mkulima wa milimani alisaga chestinati, na nyanda za chini maskini walikula mikate ya nafaka ndogondogo, mtama ukiwamo. Ndiyo, mtama huu huu wenye asili ya Afrika, ambao kule ulikuwa chakula cha fukara na cha mifugo. Katika karne ya 14 na ya 15 nyanya hazikuwapo, mahindi hayakuwapo, viazi havikuwapo. Vyote vilikuwa bado Amerika. (Na wewe unayeapa kwamba ugali wa mahindi ni chakula cha mababu tangu dunia iumbwe, jua kwamba mababu wa karne ya 14 hawakuwahi kuliona hindi. Walikula ulezi na mtama.) Tauni ya mwaka 1348 ilipokwisha kufagia watumishi, Florence ilipitisha sheria mwaka 1363 kuruhusu watumwa waingizwe mjini, mradi wasiwe Wakristo kwa asili. Walioletwa wengi walikuwa wasichana kutoka pande za Bahari Nyeusi. Mwaka 1445 ikafunguliwa hospitali ya watoto waliotupwa, Innocenti, jengo la Brunelleschi ambalo watalii hawachoki kulipiga picha. Sehemu kubwa ya watoto waliopokelewa walizaliwa na vijakazi na watumwa hao, na baba zao mara nyingi walikuwa ndio wenye nyumba.

Hayo Wazungu wenyewe wanayaandika siku hizi bila haya. Sisi ndio tunaendelea kuona haya kwa niaba ya mababu zetu.

Sasa turudi nyumbani. Ukitoka Msangano ukalifuata bonde kuelekea Ziwa Rukwa unafika Ivuna, katika wilaya hii hii ya Momba. Wanasayansi wa dunia wanaijua Ivuna kwa jiwe lililoanguka kutoka angani tarehe 16 Desemba 1938, jiwe la kama gramu 700 tu, la aina adimu kiasi kwamba kipande chake kinalindwa katika makumbusho ya London. Usilichanganye na kimondo cha Mbozi tunachopelekea wanafunzi. Kile ni dude la chuma la tani nyingi. Jiwe la Ivuna lina wasomi wake. Chumvi ya Ivuna, ambayo kwa historia ya binadamu ni kubwa kuliko jiwe hilo, haina anayeiulizia.

Pale pana chemchemi za maji ya chumvi. Wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba hapo miaka ya 1960, na mwaka 1968 wakachapisha walichokuta: watu walikuwa wakitengeneza chumvi Ivuna takriban kati ya karne ya 13 na ya 15. Yaani wakati ambao Florence ilikuwa inahangaika na kuba la kanisa lake kuu, hapa Momba palikuwa na kiwanda. Nimeita kiwanda kwa makusudi, kwa sababu chumvi haijiundi. Katika sehemu nyingi za ukanda huu utaratibu ulikuwa ni kukwangua udongo wa chumvi wakati wa kiangazi, kuuchuja kwa maji katika chungu chenye matundu, kisha kuyapika maji yale mpaka yakauke. Kazi hiyo inakula kuni kama moto wa nyika, inataka vyungu vingi, na mvua ikiwahi inakufa papo hapo. Kwa hiyo ina msimu. Penye msimu pana wageni. Penye wageni pana foleni, na penye foleni pana mtu anayesema huyu apite, yule asubiri.

Hebu fikiri kidogo juu ya kazi yenyewe. Anayekuja na vyungu kumi na wapwa wanne wa kukata kuni hatoki sawa na mjane aliyekuja na chungu kimoja na mtoto mgongoni. Asiye na shoka anakata kuni kwa shoka la mwingine, na jioni analipa kwa sehemu ya chumvi aliyoipikia. Mwenye chemchemi hapiki kabisa, anapokea. Kule Uvinza, ambako chumvi ilianza kutengenezwa karne nyingi kabla ya Ivuna, wasafiri wa karne ya 19 waliwakuta watawala wa Kivinza wakitoza fungu la chumvi kila aliyekuja kuchemsha. Vigae vya Ivuna havikutuachia jina la mtoza ushuru. Lakini anayeniambia kwamba mahali penye bidhaa iliyofuatwa kwa mwendo wa siku nyingi hapakuwa na mwenyewe, huyo ndiye mwenye deni la ushahidi, si mimi.

Maana katika karne hizo hizo, sehemu nyingi za dunia chumvi haikuachwa iwe ya wote. Venice iliishikilia kwa mkono wa chuma, na ofisi yake ya chumvi ndiyo iliyolipia ukarabati wa kasri la mtawala na picha zilizopamba kumbi zake. Kuta zile zinazosifiwa zililipiwa na wapishi wa vyakula vya kawaida, punje kwa punje. Ufaransa mfalme aliigeuza kodi, na mwaka 1548 wakulima wa kusini-magharibi, mpaka mji wa Bordeaux, waliasi kwa sababu yake na wakaadhibiwa vibaya. Mfalme wa Ufaransa ajue thamani ya chumvi, Venice ijue, Uvinza ijue, halafu mwene, yaani mtawala, wa bonde la Rukwa peke yake awe malaika?

Kama vigae havitoshi, tuvuke mpaka. Huhitaji pasi ya kusafiria kwa safari ya kusoma. Mwaka 1960, katika bonde la Zambezi upande wa Zambia, mafundi wakichimba kwa ajili ya ujenzi wa tangi la maji mahali panapoitwa Ingombe Ilede walikuta makaburi. Ni ya karne ya 15 na ya 16. Katikati walilala watu 11 waliozikwa na shanga za dhahabu, bangili za shaba, kombe za baharini zilizosafirishwa mamia ya kilomita na nguo za pamba ambazo shaba ilizihifadhi zisioze. Pembeni walilala wengine, ama mikono mitupu ama na vitu vichache. Wanaakiolojia wanauhusisha utajiri ule na biashara ya shaba, pembe za ndovu na, ndiyo, chumvi. Watu wa jamii moja, udongo mmoja. Hata kaburini hawakuwa sawa, na waliowapanga hivyo hawakuwa Wareno.

Sasa tushuke pwani mpaka Kilwa, ambako nitakaa zaidi, kwa sababu kuna hadithi moja ambayo Watanzania tunaisimulia kwa fahari bila kuisikia. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa akampata Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa jina la sifa, Abu al-Mawahib, baba wa vipawa. Ndiye anayehusishwa na Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba zaidi ya 100 na kidimbwi cha pembe nane, ambalo hata halikumalizika kujengwa. Ibn Battuta anasimulia kwamba siku ya Ijumaa, sultani akitoka msikitini, fukara mmoja kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Mtoto wa sultani akazitaka zile nguo zirudi, akamlipa yule fukara watumwa kumi. Watu walivyosifu ukarimu huo, sultani akaagiza fukara aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe.

Vitabu vyetu vinaishia kwenye neno ukarimu. Mimi nawauliza wasomaji: hao watu ishirini walikuwa akina nani? Asubuhi ile waliamka wakiwa wapi, wakifanya kazi gani, wakiwa na wake na watoto gani? Kumi kati yao walithaminishwa na jozi ya nguo. Ibn Battuta mwenyewe anaeleza kwamba sultani alikuwa akifanya mashambulizi katika nchi za jirani na kuleta ngawira, akatenga fungu la tano kwa matumizi ya dini. Kwa hiyo tunaweza kukisia walikotoka: huenda walitoka bara, huku huku tulikozoea kusema palikuwa na usawa na amani, na pengine kuna aliyemkamatia sultani watu hao kwa malipo. Mkarimu alitoa. Waliotolewa hawakuulizwa.

Miaka 174 baadaye, Julai 1505, Wareno chini ya Francisco de Almeida waliiteka Kilwa. Taarifa ya safari hiyo iliyoandikwa na Hans Mayr ni ya mvamizi, na isomwe kwa tahadhari. Lakini ina jambo ambalo mvamizi hakuwa na sababu ya kulitunga, nalo ni mavazi. Mtumwa alivaa shuka moja la pamba kutoka kiunoni hadi magotini, basi. Bwana wake alivaa mawili, moja likishuka hadi miguuni na jingine likining'inia mabegani. Na watumwa, anasema, walikuwa wengi kuliko mabwana, wakilima mashamba. Hivyo mtu akitokea mbali barabarani ulijua umwamkie vipi kabla hujamwona uso. Ndani ya mji huo huo wachache waliishi katika nyumba za mawe zenye vikombe vya kauri kutoka China, na walio wengi waliishi katika nyumba za miti na udongo ambazo leo hakuna mtalii anayezipiga picha kwa sababu mvua ilishazirudisha ardhini.

Hapa ndipo mtetezi wa usawa anaponijia juu: Kilwa ni pwani, pwani ni wageni, sisi wa bara tulikuwa watu wa haki. Sikubali. Kwanza, Kilwa ilikuwa mji wa Waswahili, na Waswahili ni Waafrika. Kuwaita wageni kila tunapotaka kukwepa lawama ni ujanja wa kitoto. Pili, tuiangalie hiyo bara.

Ndovu akianguka katika nchi nyingi za ukanda huu wa kati, pembe iliyogusa ardhi ilikuwa ya mtawala, hata kama mwindaji alikaribia kufa akimwinda. Ngozi ya chui na ya simba ilipelekwa kwake. Kwa jirani zetu Wabemba kulikuwa na kazi ya lazima katika mashamba ya mtawala, waliyoiita umulasa, na Audrey Richards aliyeishi nao aliieleza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1939. Wanyamwanga wana ukoo wa watawala unaomhesabu Musyani kuwa babu mwanzilishi. Ukoo wa watawala maana yake, kwa hesabu nyepesi kabisa, kuna koo za watawaliwa. Ufipa nako wahunzi walioyeyusha chuma kwenye tanuri ndefu za udongo walikuwa na heshima, miiko na siri zao, na mwanamke hakuruhusiwa kusogea tanuri likiwaka, ingawa jembe lililotoka humo aliyelishika kutwa nzima shambani ni yeye.

Hata kile kinachotajwa kila mara kuwa uthibitisho wa usawa, yaani kualikana kulima kwa pombe, kitazameni vizuri. Anayealika anahitaji pombe. Pombe inatokana na ulezi, ulezi unatokana na shamba kubwa na wake wa kuutwanga. Mwenye navyo anaita watu thelathini, wanamaliza shamba lake kabla jua halijawa kali, wanakunywa, wanaimba, wanamsifu. Mwaka unaofuata ana ulezi mwingi zaidi na watu wengi zaidi wa kuwaita. Mjane hana cha kukoroga, hakuna anayekuja kwake, analima peke yake, na kwenye shamba la tajiri naye anafika kwa sababu ndiko kwenye chakula siku hiyo. Wote wameimba wimbo mmoja. Shamba lililopaliliwa ni la mmoja.

Kama unataka kusikia sauti za waliokuwa chini kabisa, zipo, na ni za mlangoni kwetu. Elise Kootz-Kretschmer, mmisionari wa Kimoraviani aliyefanya kazi Usafwa, aliandika masimulizi ya watu waliopitia utumwa katika ukanda huu kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, wakiwamo wanawake wawili, Narwimba na Chisi. Mwanahistoria Marcia Wright aliyakusanya na kuyachambua katika kitabu kilichotoka mwaka 1993. Najua, hayo ni ya karne ya 19, wakati biashara ya watumwa ilikuwa imechafua kila kitu, na siwezi kuyarudisha nyuma miaka mia nne kana kwamba hakuna kilichobadilika. Lakini yasome uone mikono ambayo wanawake wale walipitia. Wapo wafanyabiashara wa msafara, ndiyo. Wapo pia majirani, watawala wadogo, waume na wakwe, watu wanaozungumza lugha zetu na kula ulezi kama sisi. Chisi alitekwa akiwa mtoto mdogo. Kwa watu kama yeye ndoa haikuwa sherehe. Ilikuwa namna ya kupata mtu wa kukulinda usiuzwe tena. Utaratibu wa kumweka mtu rehani kwa deni hauzuki siku moja kwa sababu msafara wa pwani umepita.

Mwalimu Nyerere anahusika hapa na sitamkwepa. Katika kijitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu ujamaa alisema kwamba katika jamii ya jadi ya Kiafrika kila mtu alikuwa mfanyakazi na hakuna aliyeishi kwa jasho la mwingine, akatukumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Alikuwa akijenga taifa na alihitaji jiwe la msingi; namwelewa. Lakini alikuwa mtoto wa mtawala wa Wazanaki, Nyerere Burito, mtu mwenye wake wengi, na tofauti kati ya boma la mtawala na nyumba ya raia aliiona kwa macho yake. Na miaka mitano tu baadaye, mwaka 1967, katika andiko lake juu ya ujamaa vijijini, yeye mwenyewe alikiri kwamba jamii hiyo ya jadi ilikuwa na kasoro, na moja aliyoitaja waziwazi ni hali ya wanawake, kwamba walifanya kazi kupita sehemu yao ya haki. Tumeibeba ile ya 1962 kama aya ya msahafu. Ile ya 1967 tumeiacha kabatini. Tena jiulizeni: kama hapakuwa na vyeo vya kuzaliwa navyo, mwaka 1963 tulipofuta utawala wa machifu tulifuta nini? Mtasema tulifuta machifu wa Mwingereza. Wengine, ndiyo, waliwekwa naye. Wengi aliwakuta.

Sasa, nani analipwa na uongo huu? Kwanza anayelipwa ni mwenye nguvu wa kijijini. Ukishakubali kwamba ubaya wote uliingia kwa meli, yeye anatoka msafi. Mwenye ekari za ufuta zisizohesabika hapa bondeni anamlipa kibarua kwa neno ndugu, anamwongezea na debe la mpunga, na kibarua akidai fedha yake anaambiwa ameharibika kwa mambo ya kisasa, zamani tulisaidiana. Mjukuu wa waliopokea fungu la chumvi na mjukuu wa waliokata kuni wanakaa benchi moja kwenye mkutano wa kijiji, na wa kwanza anamhubiria wa pili juu ya umoja wa mababu.

Anayelipwa zaidi, hata hivyo, ni shemeji wa mjane. Hiyo ndiyo sababu nimeandika makala haya na wala sikuishia kubishana kijiweni. Mume akifa, na arobaini haijaisha, kikao cha ukoo kinakaa. Shamba ni la ukoo, anaambiwa. Mila zetu ni za haki, anaambiwa. Zamani hakuna aliyelala njaa, hakuna aliyenyang'anywa, kila mtu alitunzwa, kwa hiyo tulia mama, utatunzwa. Nimeshuhudia maneno hayo yakitumika kama wembe. Mwanamke aliyelima shamba miaka yote ya ndoa yake anashindwa kujibu, si kwa kukosa hoja, ila kwa sababu ameambiwa tangu utotoni kwamba zamani hapakuwa na dhuluma, na kudai haki ni kama kuwatukana marehemu. Msimu unaofuata anaomba kuazimwa nusu ekari katika ardhi aliyoifyeka mwenyewe.

Wanaoniambia kwamba nikiondoa hadithi hii nitawaondolea vijana fahari yao, wananishangaza. Fahari gani inayotegemea kujifanya kwamba mababu hawakuwa na akili ya kuwa na serikali, biashara, ushuru na ubishi kama watu wengine wote? Watu waliochuja chumvi Ivuna, wakaipeleka mbali, wakabishana juu ya fungu la nani ni lipi, wana heshima kubwa machoni pangu kuliko watu wa katuni waliokaa duara wakicheka karne nzima. Walikuwepo waliopinga pia. Lazima walikuwepo waliohama usiku kumkimbia mwene mbaya, waliobana chumvi wasiitolee fungu, wanawake waliogoma kuolewa na waliowekewa. Huwezi kuwatafuta mashujaa hao ukishaamua kwamba hapakuwa na kitu cha kupinga.

Walimu wangu, sasa mna somo jipya la Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili. Msilianze kwa kuwadanganya watoto. Wapelekeni Ivuna wakaone zilipo chemchemi, kisha waulizeni nani alikata kuni. Wasimulieni ya sultani wa Kilwa na zile nguo zake, kisha waulizeni juu ya wale ishirini.

Na wewe mama unayeitwa kwenye kikao cha ukoo wiki hii, usibishane nao kuhusu zamani. Hiyo tuachie sisi waandishi. Nenda baraza la ardhi la kijiji. Lina wajumbe 7, na kwa sheria 3 kati yao lazima wawe wanawake. Waambie wafungue Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 20: mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukalia au kutumia ardhi ni batili.